Tundu Lisilozibika

Hotuba kwa mafundi vijana wa pikipiki, Kariobangi, Nairobi

Vijana wangu, wazazi mliokuja, na ninyi mafundi wenzangu mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa: hamjambo nyote. Niliombwa nizungumze juu ya kuifanya ekseleta ya kwadi, ile mashine ya magurudumu manne inayoongezwa kasi kwa kitufe cha kidole gumba, iitike haraka, kwa marekebisho tunayoyafanya wenyewe kwenye kabureta, chombo kinachochanganya hewa na petroli, kwa mikono yetu na vifaa vya karakana. Nimekuja na kitu kimoja mfukoni. Kianzie kwa yule binti wa mbele, kizunguke hadi nyuma, kila mtu akishike.

Hiyo ni slaidi ya kabureta, kipande kinachopanda na kushuka kufungua na kufunga koo la hewa. Igeuzeni muone chini yake: pale katikati hupita sindano inayopima petroli, na pembeni kuna tundu. Tundu hilo kiwandani lilikuwa dogo, halikufika milimita tatu. Nililipanua mimi hadi milimita nne, mwaka wangu wa tatu katika kazi hii, kwenye kwadi ya mteja aliyekuwa na shamba upande wa Isinya. Alikuja akaniambia, "Fundi, nikikandamiza kidole, hii kitu inafikiria kwanza ndipo iende." Nilipenda alivyosema, na mpaka leo nikisikia ekseleta inayochelewa najiambia, hii inafikiria kwanza.

Nilikuwa nimesikia kwa fundi mkubwa kwamba ukipanua tundu la slaidi, inapanda haraka. Ni kweli. Katika kabureta za aina ile, mkono wako haushiki slaidi. Unafungua kilango tu, halafu utupu unaotokana na injini hupita kwenye tundu lile, hunyonya hewa iliyo juu ya mpira mwembamba, na mpira ukavuta slaidi juu. Tundu kubwa, utupu mwingi, slaidi inaruka. Sikupima, sikuuliza kwa nini mwenye kiwanda aliweka tundu dogo. Nilichukua ncha ya drili iliyokuwa karibu na mkono wangu, nikatoboa.

Kwadi ilipowaka, nikakandamiza kidole, ikazima. Nikawasha tena, ikazima tena. Slaidi ilikuwa inaruka juu kabla injini haijaanza kuvuta hewa ya kutosha. Koo la kabureta likawa wazi, hewa ikapita polepole, na hewa inayopita polepole hainyonyi petroli. Nilijaribu kupunguza tundu kwa risasi ya kuchomelea. Risasi ile ya kawaida haishiki kwenye alumini, na hata ingeshika, ningeipata wapi imani kwamba haitaanguka ikaingia kwenye injini? Nikanunua kabureta nzima ya mtumba kwa pesa yangu. Miezi miwili nilifanya kazi bila kupeleka chochote nyumbani zaidi ya nauli na unga.

Kinachonifanya nitembee na slaidi hii ni kilichofuata. Nilipofunga ile kabureta nyingine, yenye tundu la kiwandani, kwadi bado ilikuwa inafikiria kwanza! Nikakaa chini, nikaanza upya kutoka kwenye kidole. Kebo ya ekseleta ilikuwa imepinda chini ya tangi, imekauka, na ina ulegevu wa karibu sentimita moja. Kidole kilisafiri sentimita nzima kabla kabureta haijapata habari. Niliitoa, nikaitia oili, nikaipitisha njia yake, nikaacha ulegevu wa milimita nne. Dakika ishirini, na ugonjwa ukaisha.

Kwa hiyo leo nitawaambia yale ningependa niambiwe kabla ya kushika ile drili.

Ukikandamiza ekseleta ghafla, unafungua njia ya hewa na petroli kwa wakati mmoja, lakini haviondoki pamoja. Hewa ni nyepesi, inakimbia papo hapo. Petroli ni nzito, tena ilikuwa imetulia ndani ya bakuli la kabureta, inangoja kunyonywa kupitia jeti, lile tundu jembamba la shaba. Kwa sehemu ndogo ya sekunde injini inapata hewa nyingi na petroli haba. Hapo ndipo inapokohoa. Kila ufundi wa kuharakisha ekseleta ni namna ya kuziba pengo hilo dogo.

Kipimo chenyewe ni hiki: kilo moja ya petroli hutaka takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini ikitakiwa kutoa nguvu, hupenda petroli zaidi kidogo, karibu kilo moja kwa kilo 12 na nusu au 13 za hewa. Sasa kumbukeni tunaishi wapi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mama zetu wanalijua jambo hili kuliko mafundi wengi: maharagwe huchelewa kuiva hapa kuliko Mombasa, kwa sababu maji yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, na ya Mombasa hufika 100. Hewa inayofanya maji yachemke mapema ndiyo hiyo hiyo injini inayoivuta. Kila pumzi ya injini hapa inabeba hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Jeti haina habari kwamba imepandishwa mlima. Petroli inayotoa inapungua kidogo tu, haipungui kwa kiasi cha hewa, na mchanganyiko unazidi mafuta. Ndiyo sababu kwadi inayotoka kwenye boksi ikiwa imepangwa kwa usawa wa bahari, ikifika hapa huwa nzito mkononi, plagi inayotoa cheche inaota masizi meusi, na moshi unanuka petroli mbichi.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo vijana wengi wanapopotea. Mnaona video za watu wa Florida au California wakiweka washa ndogo, kile kiduara chembamba cha chuma, chini ya sindano ya kabureta, na ekseleta inakuwa tamu. Hawadanganyi. Kule viwanda hubana mafuta sana kwa sababu ya sheria za moshi, kwa hiyo kwadi yao inatoka ikiwa na njaa, na ile washa huinua sindano, petroli ikaongezeka. Lakini wewe uko Nairobi. Mwinuko umeshakuwekea hiyo washa! Ukiongeza nyingine, unamlisha mtu aliyekwisha kushiba. Nimefungua kabureta nyingi hapa mjini zenye washa mbili, tatu, na mwenyewe analalamika kwamba kwadi imekuwa kama inavuta trela. Nikizitoa zote, inaamka.

Basi tutajuaje inataka nini? Chukueni tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Kata kipande, bandika kando ya kitufe cha ekseleta pale kidole gumba kinaposukuma, na kingine kwenye kitufe chenyewe. Weka alama: imefungwa, robo, nusu, robo tatu, wazi kabisa. Panda, injini ikiwa imepata moto vizuri, uende kwenye barabara tupu ya murram. Shika kidole kwenye alama moja bila kukisogeza, usikilize. Halafu nyingine. Kabureta ina vyumba vyake, na kila chumba kinatawala sehemu yake ya safari ya kidole. Kutoka kufungwa hadi karibu na robo, mwenye nyumba ni jeti ndogo na skrubu ya pembeni. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano. Kutoka robo tatu kwenda juu ni jeti kubwa. Mtu anakuja amebadilisha jeti kubwa mara nne, na ugonjwa wake uko kwenye robo ya kwanza. Angebadilisha mara arobaini asingeugusa.

Na malalamiko mengi ya ekseleta kuchelewa, nawaambia kwa yale niliyoyaona, yako kwenye hiyo robo ya kwanza.

Skrubu ya pembeni ndiyo dawa ya bure. Lakini kwanza angalia imekaa upande gani. Ikiwa upande wa injini, baada ya slaidi, hiyo inapima petroli: ukiifungua, mafuta yanaongezeka. Ikiwa upande wa ea-klina, yaani kichujio cha hewa, inapima hewa: ukiifungua, mafuta yanapungua. Kuna mafundi wa miaka kumi wanaozungusha skrubu hii kinyume na wanavyotaka kwa sababu hawakuangalia imekaa wapi. Ifunge taratibu mpaka iguse chini, usiibane, maana ncha yake ikipinda umeharibu kabureta. Ukiwa unafunga, hesabu mizunguko, uandike. Halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu, uwashe, uisogeze robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi injini iliyotulia iende kasi zaidi kwa ulaini. Ndipo upunguze kasi kwa ile skrubu nyingine, ya kutuliza injini.

Sindano nayo ina mitaro, mara nyingi mitano, na klipu ndogo. Klipu ikipanda, sindano inashuka, petroli inapungua. Klipu ikishuka, sindano inapanda, petroli inaongezeka. Semeni tena mkiwa njiani kurudi nyumbani, kwa sababu inachanganya. Hapa Nairobi, kwa kwadi iliyopangwa kwa pwani, mara nyingi kupandisha klipu mtaro mmoja kunatosha. Sogeza mtaro mmoja, kisha ukapande uisikie. Usisogeze klipu na skrubu siku moja, utashindwa kujua ni kipi kilichokusaidia na kipi kilichokuharibia.

Sasa jeti. Mnajua tabia yetu: jeti imeziba, tunachukua waya wa stima, tunapitisha. Au jeti ni ndogo, tunaipanua kwa ncha nyembamba. Chukua jeti yenye tundu la milimita moja kamili. Waya wako na drili yako vikalipanua hadi milimita moja na sehemu ya kumi. Utaona kwa macho? Huwezi. Lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21, na petroli inapita kwa eneo. Kwa upana usioonekana umeongeza mafuta kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Shaba ni laini, hata waya peke yake unaikwaruza. Safisha kwa upepo wa kompresa na dawa ya kabureta, au kwa unywele wa brashi ya nailoni. Na ukitaka kubadilisha ukubwa, nunua jeti. Kuna watengenezaji wawili wa kabureta, Keihin na Mikuni: namba za Keihin zinakaribiana na kipenyo chenyewe, 160 ni karibu milimita 1.60. Namba za jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita zinahesabu mtiririko wa mafuta, kwa hiyo usichukue 130 ya huyu ukaiweka mahali pa 130 ya yule. Kama jeti kubwa ya Keihin ya pwani ni 160, mimi hapa ningejaribu 155, nikasome plagi, kisha 152. Plagi nzuri ina rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, simama hapo hapo, usiende hata kilomita moja.

Nasema simama kwa sababu petroli haba inaleta moto mkali ndani ya silinda. Nimeshika pistoni ya kwadi ya stroki mbili iliyotoboka katikati kama karatasi iliyochomwa kwa sigara. Mwenyewe alikuwa ameirekebisha hapa Nairobi, ikaenda vizuri sana, akaipakia kwenye pikapu akaenda nayo Diani, kule pwani, kwa likizo. Kule hewa ni nzito, inajaa. Kwadi ile ile, jeti zile zile, sasa petroli ni haba. Ukimrekebishia mteja, muulize anaipeleka wapi. Hata Magadi, saa mbili tu kutoka hapa, unashuka hadi karibu mita 600. Mpe jeti zake za zamani ndani ya karatasi, zikiwa na namba.

Nije kwenye marekebisho ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu yalitoka kwa watu kama sisi. Yamaha walipotoa kwadi yao ya YFZ450 kama modeli ya 2004, waliipa kabureta ya Keihin FCR ya milimita 39. Kabureta hii slaidi yake inavutwa na kidole moja kwa moja, haingoji utupu, kwa hiyo lile pengo nililowaeleza ni kubwa. Ili kuliziba, ina pampu ndogo ya ekseleta inayorusha mchirizi wa petroli kooni ukikandamiza. Lakini mkono unaosukuma pampu ile una vipande viwili, na kati yake springi laini. Ukikandamiza ghafla, springi inajikunja kwanza, na mchirizi unachelewa. Wapanda kwadi na pikipiki za kabureta hizo wakagundua kwamba ukivifunga vipande viwili pamoja kwa oringi, pete ndogo ya mpira, springi haipati nafasi ya kulegea, na mchirizi unatoka papo hapo. Oringi moja! Unaiweka bila kutoboa kitu, na usipoipenda unaitoa kwa koleo.

Oringi iwe ya kuvumilia petroli. Kijana mmoja wa karakana yangu alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, kikavimba, kikateleza ndani ya wiki mbili. Na kabla hujafunga kabureta, zima injini, toa mpira wa upande wa ea-klina, mulika kwa tochi ndani ya koo, ukandamize ekseleta. Mchirizi uanze mara moja, na upite bila kuigonga slaidi inapopanda. Ukiigonga, petroli inatiririka chini na umerudi ulikoanza. Hapo pasiwe na sigara wala jiko la mkaa karibu. Angalia pia ni modeli gani, maana YFZ450R ya 2009 ilikuja na injekisheni, inayorusha petroli bila kabureta, na hapo somo letu la leo halihusiki.

Mambo mawili matatu nitayapita haraka. Mpira unaounganisha kabureta na injini hupasuka kwa jua, ukaingiza hewa ya wizi. Injini ikiwa imetulia, nyunyizia maji kuuzunguka, mlio ukibadilika umepata mwizi. Petroli nayo ijaribu: tone moja kwenye karatasi nyeupe, likikauka likaacha doa la mafuta, kuna mafuta ya taa ndani. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kukata biashara hiyo ya kuchanganya, lakini karatasi yako haigharimu kitu. Na sponji ya godoro isitumike tena kwenye ea-klina. Inameguka, inavutwa ndani, na vumbi la murram linaifuata hadi kwenye silinda. Sponji ya kichujio ipo madukani Kirinyaga Road, itie oili yake.

La mwisho si la kabureta, lakini silali nikiliacha. Mara kwa mara naombwa kuondoa kitufe cha kidole gumba nifunge ekseleta ya kuzungusha kama ya boda. Sifanyi, na ninyi mkatae. Kwadi ikirukia shimo, mwili wako unarudi nyuma na mikono inang'ang'ania usukani. Ekseleta ya kuzungusha inafunguka yenyewe, ukiwa huna namna ya kuiachia. Kidole gumba kinaachia. Mashine hizi hupinduka, na zikipinduka hulala juu ya mtu. Huko Marekani, mwaka 1988, watengenezaji walikubali kuacha kuuza zile za magurudumu matatu kwa sababu ya watu walioumia, watoto wengi miongoni mwao. Ya magurudumu manne imetulia zaidi, lakini ukiipa ekseleta kali na mtu akaikandamiza akiwa anapanda kilima, gurudumu za mbele zinainuka. Kwa hiyo nikimaliza kazi, mteja haendi nayo peke yake. Nampeleka uwanja tambarare, nakaa pale, anakandamiza kidogo kidogo hadi aizoee. Akija na mtoto wa miaka kumi nyuma yake, nakataa kumkabidhi ufunguo, hata akikasirika.

Slaidi imefika wapi? Nyuma kabisa, vizuri. Nirudishieni tukimaliza. Hapo nje kuna kwadi ya mzee mmoja wa Ruai, inafikiria kwanza. Tepu nimeshaibandika, kebo sijaigusa. Njooni watatu watatu, aanze yule binti aliyeshika slaidi wa kwanza, aniambie inakohoa kwenye alama gani.